Karatasi ya Waliolala

Kwa siku thelathini na moja niliomba baba yangu apumzike kwa amani, na baba yangu alikuwa hai. Sikufanya hivyo kwa chuki. Nilifanya kwa usahihi, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kujisifu kwamba nimesoma jambo nikalielewa bila kumuuliza mtu.

Baba yangu anaitwa Toader. Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado inafika magotini, alipanda darini kuwatupia kondoo majani makavu, akakanyaga ubao uliooza, akaangukia kichwa kwenye sakafu ya zizi. Nilimkuta kondoo wamemzunguka, wanakula majani yaliyomwagika mpaka kwenye kola ya koti lake. Gari la wagonjwa likamleta mjini, nami nikaja nalo nikiwa na viatu vya zizini. Ndivyo nilivyoingia hospitali kubwa kwa mara ya kwanza, nikiacha alama za samadi kwenye ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Daktari alikuja baada ya saa nyingi, mwanamke mrefu mwenye macho ya usingizi.

"Tumemlalisha," akasema. "Ubongo umevimba, unataka kupumzika. Tutamwacha alale wiki tatu hivi, kisha tutamwamsha polepole."

Nilitaka kuuliza kama mtu aliyelalishwa hivyo huota. Nikasema asante. Mimi nikiambiwa jambo lolote na mtu nisiyemjua husema asante. Nimewahi kumwambia asante mwanamume aliyenikanyaga mguu sokoni, naye akanijibu karibu.

Nikafikia kwa Shangazi Lucretia, dada yake baba, ambaye ana chumba kimoja na jiko karibu na soko, na paka mnene anayelala kwenye mto wa mgeni.

"Kaa mpaka aamke," shangazi akaniambia. "Ila usiniletee maombi ya sauti humu ndani, Zamfira. Mimi na Mungu tunasalimiana kwa mbali, na tumezoeana hivyo."

Kati ya nyumba ya shangazi na hospitali kuna kanisa. Nikawa napita pale kila asubuhi. Kijijini kwetu hapakuwa na mambo ya karatasi. Bibi yangu alikuwa anamnong'oneza padri majina ya watu wetu, na padri anayakumbuka yote. Hapa mjini mambo ni ya kiofisi. Karibu na mlango kuna meza, na nyuma ya meza anakaa Mama Aspazia, muuza mishumaa, mwenye kitambaa cheusi kichwani na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazama wewe. Mbele yake kuna mafungu mawili ya vikaratasi. Unachukua kimoja, unaandika majina, unakiacha na mshumaa wako, na padri anayasoma majina mbele ya madhabahu. Fungu la kwanza limechapwa juu, WALIO HAI. La pili, WALIOLALA.

Shule niliacha darasa la tatu, mama alipofariki na akahitajika mtu wa kukaa nyumbani na wana-kondoo. Kusoma najua vizuri kabisa, mradi asiwepo mtu anayesubiri nyuma yangu. Siku ile walikuwepo wanne. Nikafikiri haraka. Baba yu hai, ndiyo, lakini hai ni kila mtu, hata hawa wanne wanaonipumulia shingoni. Ukimwambia Mungu "aliye hai" hujamwambia kitu. Aliyelala, hapo sasa unamwelekeza mpaka kitandani. Nikachukua karatasi ya waliolala, nikaandika TOADER kwa herufi kubwa, nikaikunja kama nilivyoona wengine wakikunja. Nilitoka nikiwa na kiburi kama mtu aliyejaza fomu ya serikali.

Nje kuna masanduku mawili ya bati yenye mchanga, ya kuchomekea mishumaa, na maneno ni yaleyale. Nikaenda upande wa waliolala, na nikaupenda tangu siku ya kwanza. Upande ule mwingine watu wanapiga soga, wanaulizana habari za wajukuu na bei ya viazi. Upande wangu watu walikuwa kimya. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nikasema moyoni, hapa ndipo Mungu alipowaweka watu wa aina yangu.

Kisha wakaanza kunifanyia wema. Siku ya nne ajuza mmoja alinishika mkono akaniuliza nimewasha kwa ajili ya nani.

"Baba yangu, Toader."

"Mungu amsamehe," akasema.

Nikashangaa kwamba sifa za baba zimefika mjini. Baba yangu ni mtu wa matusi. Anamtukana kondoo, anamtukana mbwa, anaitukana mvua ikinyesha na isiponyesha.

"Amina," nikasema. "Ana mengi."

Ajuza akacheka huku machozi yakimtoka. "Wote wana mengi, mwanangu." Akanipa mkate mtamu uliofungwa kwenye kitambaa pamoja na mshumaa mdogo. Kesho yake mwingine akanipa maandazi mawili na tufaha. Kwetu pia watu hugawa chakula kuwakumbuka wafu wao, kwa hiyo sikuona ajabu, ila niliona wa mjini wanagawa sana, na wanagawa kwangu. Sikununua chakula cha mchana mwezi mzima. Usiku nilimshukuru Mungu aliyemtuma kunguru kumlisha nabii jangwani, na aliyewatuma vikongwe hawa kunilisha mimi. Nikanenepa. Baba yangu amelala na mirija puani, nami sketi inanibana.

Hata hivyo niliomba kweli. Hilo nalisema bila mzaha. Nilikuwa nasimama nyuma ya nguzo ya kushoto, mahali ambapo padri hakuoni, na wakati yeye anasoma majina mimi nilikuwa nasema yangu. Sikuwa na maneno ya vitabuni. Nilimwambia Mungu kwamba baba ni mkaidi, kwa hiyo amwite zaidi ya mara moja. Nilimwambia amrudishe hata kama atarudi na upungufu, tutazoea. Nilimwambia kwamba ile nyumba bila baba ina milango mingi mno, na mimi ninaogopa.

Wiki tatu zikaisha. Wakaacha kumpa dawa ya usingizi. Siku ya kwanza hakuamka. Siku ya pili hakuamka. Siku ya tano daktari aliangaza kijitochi machoni mwake, akakizima, akaniambia, "Dawa imeshamtoka mwilini. Sasa analala mwenyewe." Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza nikamuuliza kitu, ni mpaka lini. "Wengine huamka," akasema. "Wengine hawaamki. Tusubiri." Nikasema asante.

Nikaongeza mishumaa. Nikaanza kuandika jina lake mara mbili kwenye karatasi moja, ili lisipitwe.

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu dawa isimamishwe. Mama Aspazia alivua miwani ya kusomea akavaa ya kunitazama.

"Arobaini yako inaangukia lini, binti? Uliniambia alilala tarehe kumi mwezi wa pili. Kwa hesabu yangu ni Jumamosi ijayo, na siku hiyo kuna wengine wanne wanaleta ngano ya arobaini zao, meza ni ndogo."

"Arobaini gani?"

"Ya Toader."

"Toader baba yangu?"

"Kwani unaye mwingine? Ulimzika kijijini au hukuhuku?"

"Yuko ghorofa ya tatu," nikasema.

Mama Aspazia aliweka chini fungu la mishumaa. "Ghorofa ya tatu ya nini?"

"Ya hospitali. Kitanda cha karibu na dirisha. Amelala."

"Amelala."

"Ndiyo. Daktari mwenyewe ndiye aliyemlalisha."

Kisha akachora ishara ya msalaba mara tatu, polepole, kama mtu anayefunga mlango kwa makomeo matatu.

"Zamfira," akasema. "Mtoto wangu. Waliolala ni wafu."

Nikamwambia asante, nikatoka.

Nilitembea mpaka sokoni, nikasimama mbele ya meza ya kabichi mpaka mwenye kabichi akaniuliza kama nanunua au namlindia. Nilikuwa nahesabu. Karatasi thelathini na moja. Siku thelathini na moja padri amesimama mbele ya madhabahu akamwambia Mungu amlaze Toader mahali pa mwanga, mahali pa majani mabichi, pasipo maumivu. Na Toader alitakiwa aamke siku ya ishirini na moja, na hakuamka. Mtu yeyote angeweza kujumlisha. Mungu alikuwa anatii nilichoandika. Mimi naomba kushoto nyuma ya nguzo, na mkono wangu mwenyewe unamzika baba mbele. Na tangu daktari aseme tusubiri nimekuwa nikimzika mara mbili kwa siku, ili asipitwe.

Nilipomweleza shangazi, alicheka mpaka akakalia paka. Kisha akafunika uso kwa taulo la vyombo na mabega yakaendelea kutikisika, na sikujua tena kama anacheka.

"Kaka yangu ameponea kwenye dari," akasema kutoka ndani ya taulo, "sasa ndiyo auawe na penseli?"

"Nifanye nini, shangazi?"

"Unaniuliza mimi? Nenda kwa huyo padri wako ukamwambie afute."

"Siwezi kuongea na padri."

"Huwezi."

"Sijawahi kuongea naye."

"Zamfira, kwa hiyo baba yako abaki marehemu kwa sababu wewe una haya?"

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Siku tatu baba yangu alibaki marehemu kwa sababu mimi nina haya. Nilianza kuvuka barabara nisipite mbele ya kanisa. Nilikuwa namkwepa Mungu kama nilivyowahi kumkwepa mwalimu baada ya kupoteza kitabu cha shule, na ninyi mnajua jinsi ilivyo vigumu kumkwepa huyu wa kwanza. Hospitalini nilikaa karibu na kitanda mdomo nimeufumba. Niliogopa kuomba. Niliona kila ninalogusa linageuka. Nikisema "mpumzishe" nani ajuaye litafikaje, nikisema "mwamshe" huenda likasikika "mwite". Siku ya pili nilijaribu kwa ufupi. Nikasema, "Bwana, futa." Nikangoja. Mashine ya baba ikaendelea kulia vilevile, na mimi nikaona hata hilo sikulisema vizuri, kwa sababu sikusema afute nini.

Sijawahi kuwa na siku mbaya kama zile tatu. Hata siku aliyoanguka haikuwa mbaya hivyo, kwa sababu ile siku nilikuwa na mtu wa kulilia. Sasa baba amelala na Mungu nimemkimbia, na aliyebaki wa kuongea naye ni mimi, nami si mwongeaji.

Siku ya nne nikaenda. Sikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu kukaa mbali kulikuwa kumenishinda. Njiani nilitunga hotuba: "Padri, samahani kwa usumbufu, kuna kosa dogo la kimaandishi." Niliirudia mpaka ikawa laini mdomoni.

Padri Nechifor alikuwa amepiga magoti. Nikadhani anasali, nikataka kurudi. Kumbe anakwangua nta iliyodondokea sakafuni, kwa kisu cha jikoni, kanzu ameikunja mpaka kiunoni na chini amevaa suruali ya michezo.

"Padri," nikasema. "Hajafa."

Akainua kichwa. "Nani?"

"Toader."

"Toader yupi? Ninao kumi na mmoja."

Nikamweleza. Nilieleza kwa fujo, nikaanza na ngazi za hospitali, nikarudi kwenye zizi, nikafika kwenye karatasi. Alipoelewa, aliketi sakafuni akaegemea nguzo, nguzo yangu, akacheka bila sauti.

"Keti," akasema. "Yuko mama mmoja hapa, simtaji jina. Mwaka mzima alimwandika mkwe wake kwenye karatasi ya waliolala. Yeye hakukosea, alikusudia. Mwaka mzima mimi namsomea yule binti pumziko la milele."

"Ikawaje?"

"Akazaa mapacha. Amenona, ana mashavu haya. Mama mkwe ndiye aliyeugua, kwa hasira."

Nilicheka kidogo. Kisha nikauliza swali lililonileta, na nililiuliza nikitazama kisu.

"Lakini padri, Mungu alisikia nini? Baba alitakiwa aamke, hakuamka. Ni kwa sababu nilimwandika kule?"

Alikwangua kipande kimoja cha nta kilichobaki.

"Mimi nilisoma karatasi," akasema. "Wewe wakati ule ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nyuma ya nguzo."

"Kimya?"

"Nilikuwa naongea naye. Kimoyomoyo."

"Ulimwambia Toader amekufa?"

"Hapana. Nilimwambia amwite zaidi ya mara moja, ni mkaidi."

"Siku zote thelathini na moja?"

"Siku zote."

"Basi mtoto wa baba amesimama hapa kila siku anasema baba yangu yu hai, halafu padri kule mbele ameshika karatasi isiyo yake. Hivi unadhani Mungu hawezi kutofautisha?"

Niliona haya, lakini haya ya aina nyingine, ya mtu aliyemshuku rafiki yake kwa bure.

"Sikuambii ataamka," akaendelea. "Hilo silijui. Nimezika watu walioandikwa vizuri kabisa kwenye karatasi ya walio hai, mpaka na jina la ukoo."

"Sasa tunaandika ya nini?"

"Ili uje." Akaelekeza kisu mlangoni. "Siku tatu hizi hukuja. Mama Aspazia aliniuliza mara mbili. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ilikuwaje?"

"Vibaya."

"Basi," akasema, akarudi kwenye nta yake.

Nilibaki pale nyuma ya nguzo. Nilidhani nitaanza kwa kuomba radhi kwa mpangilio, lakini kilichotoka kilikuwa, "Nimerudi. Nilikuwa nimeogopa." Halafu nikaendelea pale nilipoishia siku nne nyuma. Hakuna kilichobadilika. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Ila mabega yalishuka, na nilipotoka nilijua kwamba baba akiamka nitakuja hapa, na asipoamka nitakuja hapahapa, kwa sababu sina mahali pengine ninapoweza kukaa na jambo kubwa kama hilo.

Mezani Mama Aspazia alikuwa ameficha lile fungu la pili chini ya mkono wake. Akanisukumia karatasi ya WALIO HAI, akaiwekea na penseli.

"Andika mbele yangu," akasema.

Tangu siku hiyo ikanibidi kuchomeka mshumaa upande wa walio hai, na nililipia dhambi zangu. Upande ule wanaongea, jamani. Siku ya kwanza tu nilielezwa habari za upasuaji wa nyonga, za mtoto aliyeko Italia, na za mjukuu anayefanya mtihani wa udereva kwa mara ya tano. Hakuna aliyenipa andazi. Sketi ikalegea.

Na baba akaendelea kulala. Wiki moja, mbili, karibu ya tatu. Nilikwenda kila asubuhi, nikaandika mara moja tu, nikasema yangu, nikaenda hospitali. Kuna siku nilikuwa na imani ya kutosha kijiji kizima. Kuna siku nilisimama nyuma ya nguzo nikasema tu, "Ni mimi," nikaondoka.

Alifumbua macho Jumanne moja kabla ya juma la Pasaka, mchana. Nami, niliyekuwa nimekaa karibu na kitanda kile siku hamsini na zaidi, nilikuwa kwenye korido, napambana na mashine ya kahawa iliyomeza sarafu yangu, naona haya kuomba msaada. Muuguzi ndiye aliyenivuta kwa mkono wa sweta.

Nilikuwa nimetunga maneno ya siku hiyo. Baba alinitazama kutoka kwenye mto, amekonda, ndevu zimegeuka nyeupe zote, na jicho moja likichelewa nyuma ya jingine.

"Wewe nani?" akasema.

Maneno yangu yote yakanitoroka. "Zamfira," nikamjibu, kama ninavyowajibu watu wa ofisini.

"Sikujui," akasema, akafumba macho.

Daktari alieleza kwamba hutokea, kwamba kumbukumbu huenda ikarudi, huenda ikarudi nusu. Nilimshukuru, na safari hii nilijua ninachoshukuru. Kule kanisani nilimkumbusha Mungu kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema hata akirudi na upungufu tutazoea. Nikamwambia sasa anisaidie kuzoea, maana nilikuwa nimejisemea tu.

Mimi, ambaye tangu utotoni nimezunguka nyuma ya nyumba za watu ili nisijitambulishe, ikawa kazi yangu kila asubuhi kusimama mbele ya baba yangu mzazi na kujitambulisha. "Naitwa Zamfira. Mimi ni binti yako. Tuna kondoo kumi na tisa, jirani anawatunza." Siku nyingine alisikiliza kwa adabu. Siku nyingine alimwita muuguzi anitoe. Nilitoka, nikazunguka korido, nikarudi, nikaanza upya.

Siku ya tisa nilivuta pumzi, nikasimama mahali pangu pa kila siku.

"Naitwa Zamfira," nikasema. "Mimi ni—"

"Najua," akasema baba. "Sogea, unaziba dirisha."